Kamba ya Sikitu

Sikitu alipomaliza kuhutubia, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Alikuwa amewasimulia mbio, kuogelea na baiskeli ya watu wawili, michezo yote aliyoshindana bila kuona. Watu walipokwisha kutoka, akasikia hatua anazozijua, mguu wa kulia ukikanyaga kwa nguvu kuliko wa kushoto.

"Kaka Ngwali!"

Ndiye aliyemwongoza uwanjani miaka tisa, mikono yao imefungwa kamba moja fupi. Lakini leo hatua zile zilisita, zikavaa viti, kimoja kikaanguka.

"Nani kaviacha njiani?" Ngwali akafoka.

Viti havikuwa njiani. Sikitu mwenyewe alivipita akiingia.

"Huoni tangu lini, kaka?"

"Tangu masika. Sikutaka ujue."

Sikitu hakumpa pole, pole za watu alishazichoka zamani. Alitoa mkobani kamba ile ile, iliyolainika kwa jasho lao wawili, akamfunga mkononi. "Legeza bega. Nitahesabu hatua mimi."

"Nitakuchelewesha."

"Ulinichelewesha lini wewe?"

Wakatembea, Sikitu akihesabu kama alivyokuwa akihesabiwa. Kizingitini Ngwali akasimama kwa mazoea, maana mwongozaji havuki mstari wa kumalizia kabla ya mkimbiaji wake. Sikitu naye akasimama, maana leo mwongozaji ni yeye.

"Pita, mdogo wangu."

"Pita wewe, kaka."

Wakabaki hapo mlangoni, kamba imelegea kati yao, jua la nje likiwapasha nyuso zote mbili.