Tobenna Aanza Kazi Barking

Jumatatu ile Tobenna Nwosu alichagua meza iliyokuwa karibu na dirisha, akaning'iniza koti lake kwenye kiti, akaanza kazi ambayo hakuna mtu aliyempa.

Usaili alishaufanya, katika ofisi hiyohiyo ya Barking, mashariki mwa London, ya kampuni ya kukodisha vitanda vya wagonjwa. Meneja, Bi Hemali, alimwambia watampigia simu. Majani yakapukutika, baridi ikaingia, simu haikulia. Ndipo Mchungaji Ekanem, katika ibada ya vijana wa Kinaijeria kule Thornton Heath, alipowaambia kwamba ugonjwa wa kizazi chao ni kusubiri.

"Kuomba mmeshaomba," alisema. "Sasa amkeni, ogeni, vaeni, mkaishi ndani ya jibu."

Wenzake waliitikia amina, wakaenda kula wali. Tobenna alikwenda kupiga pasi shati.

Kuingia hakukumpa taabu. Aliwakuta watu kadhaa wamesimama nje ya mlango, wamejikunyata kwa baridi, wakizungumzia treni zilizochelewa. Akajiunga nao. Akaja mzee mmoja mnene mwenye skafu, akiitwa Solomon, akagusisha kadi yake ukutani, mlango ukafunguka, na wote wakaingia nyuma yake wakimshukuru. Tobenna akaipenda desturi hiyo ya kusubiriana. Ofisini alikowahi kufanya kazi Enugu, kila mtu aliingia kivyake.

Simu ya mezani ikalia, akapokea. Bibi mmoja wa Edmonton alikuwa amepelekewa kitanda kisichoinuka upande wa kichwa. Tobenna alimsikiliza mpaka mwisho, akamtafuta fundi, na jioni kitanda kikainuka.

Kesho yake Bi Hemali alisimama mbele ya meza yake. Alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mwenye miwani na sauti ya chini.

"Sura yako si ngeni kwangu."

"Ndiyo, madam."

"Wewe ndiye uliyeshughulikia kitanda cha Edmonton?"

"Ndiyo, madam."

"Vizuri. Shughulikia na cha Tottenham."

Basi akawa mfanyakazi. Siku za kazi alihangaika na vitanda, na wikiendi aliosha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko alikopata kodi na chakula. Hakujiona wa ajabu, maana karibu wote pale walikuwa na shughuli nyingine. Riyadh, Mzanzibari wa meza ya jirani, aliendesha teksi jioni. Bi Hemali mwenyewe kila Jumapili alisimama dukani kwa kaka yake. London ghali, Tobenna alijiambia. Mshahara hakuna aliyeutaja hata kwa bahati mbaya, na hilo alilihesabu kuwa adabu ya Waingereza.

Kilichomgusa zaidi ni jinsi walivyompenda Solomon. Mzee akipiga chafya, chai ya tangawizi ililetwa kutoka meza tatu. Alipoumwa mgongo, Riyadh alimfuata kwake na teksi, akamleta mpaka mlangoni akiwa amemshika mkono. Tobenna aliwasimulia vijana wa kanisani kwamba kazini kwake wazee wanaenziwa.

Simulizi hizo ndizo zilizomponza. Mama yake, kule Enugu, alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda kwamba mwanawe ana meza yake London. Na Mchungaji Ekanem, aliyefurahi kuliko wote, akamwomba azungumze na vijana kuhusu uaminifu kazini.

Usingizi ukamruka. Kila alipojaribu hotuba yake mbele ya kioo, akifika kwenye neno uaminifu alianza upya. Aliomba apewe neno jingine.

Alhamisi, mchana kweupe, Solomon alisimama katikati ya ofisi akajikohoza. Binti yake aliyekuwa Leeds amejifungua mapacha. Anahamia huko kumsaidia, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho.

Riyadh alilia, machozi ya kweli, mpaka ukosi wa shati ukalowa. Akil, kijana wa stoo, alikaa sakafuni, mikono kichwani. Bi Hemali aliingia chumbani kwake akateremsha mapazia.

Tobenna aliwatazama watu hawa, waliofanya kazi pamoja kwa haki na kupendana kiasi hicho, akajiona mwizi aliyejipenyeza msibani. Akaona heri afukuzwe leo kuliko kusimama Jumapili mbele ya vijana na kudanganya. Akagonga mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Madam, nisikilize kabla ujasiri haujaniisha. Mimi sijaajiriwa hapa. Ulinisaili, ukasema utanipigia, hukupiga. Nikaja mwenyewe."

Bi Hemali alivua miwani, akayafuta macho yaliyokuwa mekundu.

"Nani alikufundisha?"

"Mchungaji wangu, madam."

"Mimi alinifundisha mwalimu wangu wa yoga," alisema Bi Hemali, akimsogezea kiti. "Riyadh yeye alisikia redioni. Sasa kaa tufikiri, kwa sababu humu ndani aliyeajiriwa, na mwenye kadi ya mlango, ni Solomon peke yake."