Fundo la Kushoto

Mbwa wetu alisimama ghafla kwenye njia ya mtoni, akabweka na kukataa kusonga. Nikadhani ameona nyoka.

Alikuwa paa, mdogo kama mwanambuzi, mguu umenaswa kwenye kitanzi cha waya. Hakulia. Alinitazama tu, mbavu zikipanda na kushuka.

Nikapiga magoti. Waya ulikuwa umefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mgomba, ile tunayofungia miraa nyumbani. Vidole vyangu vikafika kwenye fundo, vikaganda. Mizunguko mitatu, ncha imefichwa kushoto. Katika mji mzima wa Maua, anayefunga hivyo ni mume wangu peke yake. Wanunuzi huijua miraa yake kwa fundo hilo.

Mwaka jana, mtego wake ulipomwachia mbwa huyu miguu mitatu, mume wangu aliniapia kwa Biblia kwamba hatatega tena.

"Mama Kendi!" aliita kutoka shambani. "Mbwa ameona nini huko?"

"Hakuna kitu, Baba Kendi!"

Nikalegeza waya, paa akatokomea vichakani. Kisha nikalifungua fundo la mume wangu pale kigingini, nikafunga la kwangu, ambalo naye analijua vizuri.