Siku Thelathini Bila Kugombezwa

Kwa mujibu wa sheria, hakuna anayepewa umeneja kabla ya kupimwa nyumbani kwake siku thelathini. Mama alipopendekezwa kuongoza kiwanda cha magodoro, alibandikwa kinasa sauti kifuani. Akigomba mara moja tu, cheo kinakwenda kwa mwingine.

Mimi nilikuwa likizo, nimetoka bwenini, nikaona ni wajibu wangu kuhakikisha taifa linapata meneja wa kweli. Siku ya tatu nilijaza chumvi kwenye kopo la sukari.

"Asante kwa ubunifu wako, Kilian," alisema Mama, akaimaliza chai yote. "Unadhani tumejifunza nini?"

Siku ya kumi na saba nilimnyoa mdogo wangu nusu kichwa. Mama aliniuliza nahitaji msaada gani ili nimalizie nusu iliyobaki. Baba alikimbilia uani kucheka.

Mama alifaulu. Wakaja kukitoa kinasa, nami nikakaa jikoni kungoja kandambili. Haikuja. Nikaiangusha chupa ya chai mbele yake makusudi, ikapasuka.

"Umeumia?"

"Mama, kinasa hakipo tena. Nigombeze basi!"

Aliinama, akaanza kuokota vipande. "Nilikuwa naanzaje?"

"Unaanza na jina langu lote. Kwa sauti, mpaka majirani wasikie."

Akavuta pumzi, akafumba macho.

"Kilian Mbawala," alisema kwa upole uleule, kisha akasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Nikusaidieje?"