Mfuniko wa Sufuria

Kazi ya mama huyu kule maabara ilikuwa kuwashtua panya. Panya mzima akisikia kwanza mlio mdogo, ubongo wake hukanyaga breki, na kishindo kinachofuata hakimshtui sana. Panya wenye jeni fulani yenye kasoro, ambayo kaka wa mama huyu, mgonjwa wa akili anayebishana na kuta, alizaliwa nayo pia, breki zao hazishiki. Huruka kila mara.

Nyumbani, binti yake akiwa anachora mezani, mama aligonga kikombe taratibu kwa kijiko. Kisha, roho mkononi, akaachia mfuniko wa sufuria.

Mtoto akaruka. Ncha ya penseli ikavunjika.

“Mfuniko umeniponyoka, mwanangu,” alisema mama.

“Mara ya saba leo, mama,” alisema mtoto, akiichonga penseli iliyobaki fupi kama kidole gumba.

Mama aliokota mfuniko. Akasubiri mtoto ainamie tena karatasi yake, ndipo akakishika kijiko.