Mkazi wa Chumba cha Pili

Kwa sheria ya makazi, kila nyumba nchini kwetu ilitenga chumba kimoja kwa ajili ya kampuni ya kigeni. Wenye mitaji walitaka anwani ya kweli ya kusajilia kampuni zao, na nchi yetu ndogo, isiyo na madini wala mafuta, haikuwa na kingine cha kuwapa. Nyumba ya Saumu ilipangiwa kampuni ya bima. Ililetewa meza, kiti na kibao cha jina mlangoni, lakini hakuna mtu aliyewahi kuja.

Mama yake, Bi Mize, alipopooza upande mmoja, Saumu alimtoa sebuleni alikokuwa akilala chini, akamlaza katika chumba kile. Siku ya nne mkaguzi wa serikali akafika.

"Mama ana kibali cha kukaa humu?"

"Ni mgonjwa, kaka. Na chumba ni kitupu."

"Si kitupu, dada. Kina mkazi." Aliongea kwa upole, kama mtu aliyeyasema hayo katika nyumba nyingi. "Wakisikia tunawaingilia, watahamia kwa majirani. Hata hospitali alikotibiwa mama imejengwa kwa kodi wanayolipa serikalini."

Saumu akaingia, akamshika mama mabegani. Wakambeba mama pamoja, mkaguzi akishika miguu, wakamrudisha sebuleni.

"Mwenye chumba amerudi?" Bi Mize aliuliza kwa taabu.

"Amerudi, mama."

Saumu akaenda kuufunga mlango wa chumba. Alijikuta anaufunga taratibu, kama anayechelea kumwamsha mtu.