Oili Rangi ya Asali

Msellem hakumwamini fundi yeyote. Gari lake la mbio alilihudumia mwenyewe uani, na ufunguo aliulalia chini ya mto. Asubuhi ile alijilaza chini ya gari, akalegeza boliti, akasubiri oili nyeusi ya miezi sita. Ikatoka oili safi, rangi ya asali.

"Rukaiya!" alimwita mkewe. "Nani kagusa gari langu?"

"Nani athubutu, bwana we?" Rukaiya alijibu kutoka jikoni. "Hata paka hulipita kwa adabu."

"Oili imebadilishwa!"

"Basi shukuru. Wezi wa wenzio huiba, wako wanakufanyia sevisi."

Msellem hakucheka. Oili hubadilishwa kwa gari lililokimbia mbali. Akapapasa tairi. Changarawe nyeupe zilikuwa zimekwama, na mji wao wote ni udongo mwekundu.

Rukaiya akaja na chai, akainama kumpa kule chini. Pembeni mwa kucha zake za hina palikuwa na mstari mweusi mwembamba, ule ambao sabuni haiutoi. Msellem aliujua. Alikuwa nao mwenyewe, vidole vyote kumi.

"Pokea, itapoa," alisema mkewe.

Oili iliendelea kutiririka kwenye beseni, inang'aa.