Kanga Haina Mdomo

Mwanaidi alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi kama kila asubuhi, wifi yake Raya alipokuja kumsimamia mbele. Raya akampa mgongo, akaikaza kanga kiunoni na kutikisa nyonga taratibu, maandishi yasomeke vizuri: MGENI HATA AKIPIKA, JIKO SI LAKE.

"Unaniambia mimi, wifi?"

"Wewe nani? Nimevaa nguo tu. Kanga haina mdomo."

Siku zote Mwanaidi alimjibu kwa kununua kanga nyingine. Safari hii alilishika pindo kwa vidole vyenye nazi, akalivuta.

"Wewe unao. Sema!"

Raya akageuka. Nyonga zilikuwa zimetulia. Sasa midomo ndiyo iliyomcheza.

"Tangu kaka akuoe, hajala tena chakula changu."